Sista Hatoki Peke Yake

Siku mliyoniaga pale uwani, mkanipa kanga na saa ya ukutani, mlinitaka niseme maneno mawili. Nikasema "Ahsanteni" na "Kwaherini", mkacheka, mkarudi kwenye soda zenu. Sikuwa na kiburi. Yale niliyokuwa nayo hayasemwi mtu akiwa amesimama, tena mbele ya Bwana Daktari anayetamani kuondoka. Sasa nimekaa nyumbani, miguu juu ya mkeka, hakuna wa kunigongea mlango ati mzazi amefika. Basi nawaandikia nyinyi wakunga mliobaki. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Mishahara mnaijua wenyewe.

Nataka kuandika habari za miaka ya hamsini, nilipoanza kazi kwa masista pale Garsen, na zaidi habari ya dada yangu Mwanaidi. Kila mkinisifu kwa kumgeuza mtoto tumboni nilikuwa nanyamaza, nanyi mkidhani ni unyenyekevu. Sikunyamaza kwa unyenyekevu.

Mimi ni mzaliwa wa Ozi. Mwaka mmoja mto ulifura ukalala juu ya mpunga wetu mpaka ukaoza wote, na mama akanipeleka Garsen kwa mjomba wangu, aliyekuwa akivuta kamba kivukoni, ili kinywa kimoja kipungue nyumbani. Masista walikuwa wamefungua zahanati karibu na kivuko, wakatafuta msichana wa kuchota maji na wa kuwafasiria Kipokomo. Watu walisema sana. Binti wa Kiislamu akae na masista! Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwasikiliza wote, kisha akaniambia, "Wakikupa dawa, chukua. Wakikupa dini, waambie unayo." Kwa hiyo nilikwenda. Na niwe mkweli, katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wao aliyenishika mkono kunivuta kanisani. Walikuwa na shughuli nyingi mno.

Siku yangu ya kwanza sikumgusa mgonjwa yeyote. Niliosha mikono. Sista Gertruda, Mzungu mrefu mwenye mabega ya mpiga pondo, yule asukumaye mtumbwi kwa mti mrefu, alinipa kipande cha sabuni ya mche na brashi, akasimama nyuma yangu. Nikaosha nikamwonyesha. Akatazama kucha. "Tena," akasema. Nikaosha. "Tena." Mpaka adhuhuri vidole vilikuwa vimekunjamana na mimi nalia kimoyomoyo, nikidhani mama huyu ananiona mchafu. Jioni akanipa mkasi wa kukatia kitovu, akanionyesha sufuria na jiko la primasi, akasema, "Maji yachemke. Yakichemka, usiondoe. Ngoja." Kiswahili chake kilikuwa hivyo, kifupi kifupi, kama mtu anayeruka matope. Lakini mikono yake! Nimefanya kazi na madaktari tangu wakati huo, wengine wana vyeti vya kujaza ukuta, sijaona mikono iliyojua kazi namna ile.

Nyumba yenyewe ilikuwa moja na mashirika mawili. Hapo ndipo habari yangu inapoanzia, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Sista Gertruda alikuwa wa shirika la Ulaya, la wauguzi, na wenzake walivaa nguo za kijivu. Sista Anjela alitoka shirika jingine kabisa, la masista Waafrika, nao walivaa buluu. Yeye ni mzaliwa wa milima ya Taita. Askofu aliona wa kijivu hawatoshi na wa buluu hawatoshi, na maskini wa mto huu hawana subira, akawatia chini ya paa moja. Kijivu walikuwa wawili, Sista Gertruda na mzee Sista Yosefina aliyefunga vidonda. Buluu nao wawili, Sista Anjela na Sista Tekla aliyefundisha watoto kusoma.

Paa lilikuwa moja, lakini kila shirika lilikuwa na kanuni yake. Kengele mbili za sala, moja ikimaliza nyingine inaanza. Meko mawili. Hata kunyamaza walinyamaza kwa saa tofauti, kwa hiyo kulikuwa na wakati Sista Anjela anaongea na Sista Gertruda anamjibu kwa nyusi. Mama mmoja wa Kiorma, aliyelazwa kwetu na mtoto wake mwenye surua, aliwatazama kwa muda akashindwa kuvumilia. Akaniuliza, "Hawa wake wenza? Mbona kila mtu iko na chungu yake?" Sista Anjela akamsikia. Akamwambia, "Ndiyo, Bibi. Mume ni mmoja, majiko ndiyo mawili." Alicheka mwenyewe mpaka akakaa chini. Sista Gertruda alipofasiriwa alikuwa mwekundu mpaka masikioni, kisha naye akacheka.

Walipendana, hilo msilitilie shaka. Wa kijivu alikuwa na mikono na wa buluu alikuwa na kinywa. Mzazi mmoja alikataa katakata kulala kitandani, akataka kuchuchumaa na kushika nguzo kama mama zake walivyofanya. Sista Gertruda akasema kitanda, mwanamke akasema nguzo, na mtoto yuko njiani hangojei mahakama. Sista Anjela akamwambia mwenzake, "Sista, kitanda chako hakizai. Huyu ndiye anazaa." Basi yule Mzungu mrefu akapiga magoti sakafuni, akalala ubavu, akampokea mtoto kwa chini. Tangu siku hiyo nguzo ikabaki palepale na kitanda tukawekea nguo. Watu husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aliyesema hivyo hakuwahi kushika goti la mzazi.

Sasa ile kanuni. Wote, kijivu na buluu, walikuwa na sheria kwamba sista hatoki peke yake. Akienda kwa mgonjwa, akienda sokoni, hata akivuka kivuko, lazima awe na mwenzake. Hilo lilikuwa jambo la heshima, na nchi yetu ilikuwa na mamba na viboko na watu wasiojua hawa ni wanawake wa namna gani. Lakini kanuni ya wa kijivu iliongeza neno: mwenzake awe wa shirika lake. Wa buluu hahesabiki. Wakitoka Sista Gertruda na Sista Anjela pamoja, mbele ya kanuni ile Sista Gertruda ametoka peke yake.

Alikwisha kuivunja mara moja. Alikwenda na Sista Anjela kwenye boma la Waorma ambao ng'ombe wao walikuwa wamekufa na watu wakawa wanaharisha. Waliokoa wengi. Mama Mkuu wa kijivu alipofika kutoka Mombasa kukagua, akasikia. Sijui alimwambia nini chumbani. Najua Sista Gertruda alikula chakula chake amepiga magoti wiki nzima, na Sista Anjela alinieleza kwamba ameonywa: akirudia, atarudishwa kwao Ulaya, na wa kijivu wataifunga zahanati. Hapakuwa na mkunga mwingine aliyesomea kazi hiyo kwenye mto mzima, tangu Hola hadi baharini. Nawaeleza hili ili mjue alichokuwa amebeba kichwani siku ile. Simtetei. Wala sitaki asiyemjua amseme.

Mwanaidi alikuwa binti wa mama yangu mdogo, Bi Zainabu, na tulinyonya ziwa moja, maana mama yangu aliugua nilipozaliwa. Alikuwa mcheshi, mrefu, hana haya. Aliolewa Kilelengwani na Bakari, mkulima wa mpunga, kijana mpole ambaye Mwanaidi alimtania mpaka akawa hana pa kujificha. Alipopata mimba yake ya kwanza walikuja naye Garsen, yeye na mama mdogo, kwa sababu nilikuwa nimewasumbua kwa salamu. Sista Gertruda akaweka kile kipembe cha mbao juu ya tumbo, akasikiliza, kisha akaniwekea sikioni nami nikasikia moyo wa mtoto kwa mara ya kwanza maishani. Nikapiga kelele. Mwanaidi akasema, "Anasema nini? Amekutukana?" Kisha akamgeukia Sista, akamwambia bila kuogopa, "Sista, siku yangu ikifika nitakuita. Utakuja?" Sista Gertruda akamshika shavu. "Ita. Nitakuja." Bi Zainabu alikuwa amekaa pale pale, akasikia.

Siku ilifika mto ukiwa umefura. Maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye migomba, kivuko kimesimama, barabara ya Malindi imekatika. Sista Tekla alikuwa amekwenda Malindi kufuata dawa na hakuweza kurudi. Sista Yosefina alikuwa kitandani na homa ya malaria, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Asubuhi hiyo Bakari akafika na ndugu yake kwenye mtumbwi, wamepiga pondo usiku kucha kupanda mto, mikono yao imechubuka inavuja damu. Uchungu ulikuwa umemshika Mwanaidi tangu juzi yake. Mtoto amekingama. Mkono wake mdogo umetoka nje, na wakunga wa nyumbani wameshindwa.

Sista Gertruda alichukua mfuko wake kabla Bakari hajamaliza. Alifika nao mlangoni. Hapo akasimama, akaurudisha mezani.

"Sista Yosefina hawezi," alisema.

"Mimi niko hapa," akasema Sista Anjela.

"Wewe si wa kwetu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilimwona Sista Anjela akipepesa macho kama aliyemwagiwa maji. Akasema taratibu, "Sista, na mimi mwenzangu yuko Malindi. Kanuni yangu mimi nitajibu mwenyewe. Tuko wanawake wawili hapa, wazima, na kila mmoja anahesabiwa yuko peke yake. Mungu atatuelewa kweli?"

"Mungu ataelewa," akasema Sista Gertruda. "Mama Mkuu atafunga nyumba. Kesho nani atazalisha?" Kisha akamgeukia Bakari. "Mlete hapa. Chumba tayari. Maji tayari. Mlete."

Bakari alikuwa mtu asiyejua kubishana na wakubwa. Alishika mlango kwa mikono miwili. "Sista, nakuomba. Kushuka ni rahisi, maji yenyewe yatusukuma, tutakufikisha kabla ya alasiri. Kupanda naye ndiyo shida. Mimi na ndugu yangu tumekuja watupu, na umetuona. Nikimpakia mgonjwa, wallahi sijui."

"Sista," nikasema mimi, "ulimwahidi."

"Najua, Habiba." Midomo yake ilikuwa myeupe. Akanitilia pamba na aidini kwenye kikapu, akanielekeza kwa haraka: usivute ule mkono, mlaze ubavu wa kushoto, mpe maji ya sukari, usimwache asukume. Nilikuwa mwanafunzi, sikujua zaidi ya hayo. Nikaingia kwenye mtumbwi.

Tulifika mapema kama Bakari alivyosema. Bi Zainabu alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, akingoja. Hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu. "Yu wapi Mzungu?"

"Amesema tumpeleke kwake, mama mdogo."

"Kwani anaumwa?"

"Haumwi. Wana sheria yao. Hawatoki mpaka wawe wawili."

Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu. Akasema tu, "Haya. Tumpakie."

Mwanaidi alikuwa amekwisha kulegea, lakini alinijua. "Habiba, umekuja na nani?" Nikamwambia nimekuja peke yangu. Akafumba macho, akatabasamu kidogo. "Basi wewe watosha." Maneno hayo yamenikaa moyoni hadi leo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema, lakini na aliyeketi karibu naye akiwa hana la kufanya, uchungu wake aujua Mungu.

Tulimlaza kwenye mtumbwi juu ya majani ya mgomba, kichwa chake mapajani mwangu. Bakari mbele, nduguye nyuma. Katikati ya mto hapakupitika, ikabidi tupande pembeni, kwenye matete, na kila penye mkondo mkali waliruka majini wakausukuma mtumbwi kwa kifua, wasijali mamba. Jua likazama tungali njiani. Usiku ule sitaueleza. Hauna faida kwa mkunga yeyote, na mimi mwenyewe nimefanya bidii kuusahau.

Jua lilipochomoza alikuwa ametutoka. Nilijua mara moja, kichwa kiliongezeka uzito mapajani. Nami sikusema. Bakari alikuwa anapiga pondo, anahema, ananyanyua na kusukuma, na nikawaza nikimwambia atafanya nini, atashuka aende wapi? Baada ya kitambo akauliza bila kugeuka, "Amelala?" Nikasema amelala. Akaendelea kupiga pondo. Kisha pondo likasimama, likabaki limechomekwa matopeni, na mtumbwi ukaanza kurudi nyuma taratibu. Alikuwa ameelewa.

Hapo tukaona mtumbwi mwingine ukishuka. Mzungu amesimama katikati, shela inapepea, na nyuma yake nguo ya buluu. Nilidhani macho yangu yameharibika kwa kukesha. Walipokaribia nikaona mtu wa tatu. Sakafuni mwa mtumbwi, amefungwa mablanketi, midomo imepasuka, macho mekundu kama pilipili, amelala Sista Yosefina.

Sista Anjela alinieleza baadaye. Baada ya sisi kuondoka, Sista Gertruda hakukaa wala hakula. Alitembea toka ukuta hadi ukuta. Mzee Sista Yosefina akiwa kitandani akasikia kila kitu, akawaita, akasema, "Nipakieni. Si lazima nitembee. Mradi nimo ndani ya mtumbwi, amekwenda na mwenzake." Wakakataa. Akainuka mwenyewe, akaanguka, akainuka tena. Mpaka walipompata mpiga pondo wa kukubali kuingia kwenye maji yale, kulikuwa kumekucha.

Mitumbwi ikagusana. Sista Gertruda akashuka majini na nguo zake zote, akaja upande wetu akiwa amezama hadi kiunoni. Akatoa kile kipembe, akakiweka juu ya tumbo la Mwanaidi, akainamisha sikio. Akasikiliza. Akakihamisha, akasikiliza. Akakihamisha tena. Sista Anjela akamwita kwa jina, asiitike.

Bakari akasema, "Sista, wasikiliza nini?"

Hapo ndipo alipokitoa. Alitaka kushuka nasi Kilelengwani kwa maziko, akaomba kwa ishara. Bakari akatikisa kichwa. "Rudi, Sista. Mwenzio anaumwa." Hakumwambia kwa hasira. Bakari hakuwa na hasira, na wengine wetu tulikuwa nayo ya kutosha kumgawia.

Tukageuza mtumbwi. Maji yakatushusha upesi, bila pondo. Tulimzika Mwanaidi na mwanawe siku ile ile.

Niliporudi Garsen nilimkuta Sista Yosefina amebadilika rangi. Baridi ya mtoni iliigeuza ile homa, ikawa ile inayotoa mkojo mweusi. Nilimfulia mashuka. Alikuwa akiwapa watoto sukari kwa siri kila alipowafunga vidonda, na sasa watoto hao walikaa chini ya dirisha lake wasiondoke hata kwa kufukuzwa. Alikufa kabla maji hayajapungua. Wakamzika nyuma ya zahanati, na Waorma, Wapokomo, hata yule Msomali wa duka, walikuja wakasimama kimya. Maskini hawakujua kanuni yoyote. Walijua bibi mwenye sukari amekufa.

Barabara ilipofunguka akaja Mama Mkuu wa kijivu, na mkubwa wa buluu akaja siku iyo hiyo kwa lori lilelile la Malindi, kwa kuwa hapakuwa na jingine. Safari nzima wameketi bega kwa bega. Mama Mkuu alikuwa tayari kumchukua Sista Gertruda. Kwa sheria alikuwa hana mwenzake tena, na sista hakai peke yake. Nilikuwa napeleka chai nikasikia. Sista Anjela, ambaye hakuwa hata wa shirika lake, alisimama mbele yake na mikono ndani ya mikono ya nguo, akasema, "Mama, njoo nikuonyeshe mwenzake." Akampeleka kwenye kaburi la Sista Yosefina. Kisha akamwambia habari ya kaburi la pili, lililoko Kilelengwani. Mama Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikaa pale juani mpaka mkubwa wa buluu akaja kumfunika kichwa na mwavuli.

Wakajifungia chumbani, wale wakubwa wawili. Walipotoka walitukusanya barazani, wakatangaza kwamba tangu leo, katika nyumba ile, sista wa kijivu na sista wa buluu wakitoka pamoja wamehesabiwa wawili. Na sala iwe moja, na jiko moja. Watu wa kivukoni walipiga vigelegele, mpishi akawa na furaha kuliko wote. Mimi nilichukua karai nikaenda uani kufua bendeji. Nilifua hata zilizokwisha kufuliwa.

Kwa miezi mingi sikusema na Sista Gertruda ila la kazi. Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Naye hakuniomba msamaha, labda alijua sina wa kumpa. Badala yake alishona mwanasesere wa kitambaa, akamjaza pamba, mwenye kichwa cha kiazi, akatoboa kibuyu kikubwa kwa chini, akamtia mwanasesere ndani amekingama. Kila jioni baada ya wagonjwa aliniketisha mbele ya kibuyu kile. "Ingiza mkono. Usione. Sikia. Wapi goti? Wapi kiwiko? Tena." Kiwiko kina ncha, goti ni bapa, kisigino hakifanani na mkono hata ukiwa gizani. Mnalolijua nyinyi leo mlilijua kwangu, nami nililijulia pale. Siku moja nikatupa kibuyu chini, nikamuuliza mbona anisumbua, si yupo yeye mwenye mikono? Akaokota, akakipangusa. "Kwa sababu nipo mimi tu," akasema. "Haifai awe mtu mmoja tu." Nikaketi. Tukaendelea.

Mwito wa kwanza chini ya kanuni mpya ulitoka kwetu Ozi, mwanamke wa mzao wa nne, mtoto amekingama. Walikwenda wote, kijivu na buluu, bila kuuliza mtu, nami nikiwa katikati na kikapu. Sista Anjela alizungumza na mzazi mpaka akalegeza tumbo. Sista Gertruda aliweka mikono yake juu ya yangu, akaanza, kisha akaiondoa, akaniachia. Nikapata goti. Nikapata mguu wa pili. Mtoto alitoka akiwa kimya, tukampulizia, akalia, na nyumba nzima ikalia naye. Tangu hapo nimegeuza wengi, na kila mmoja nimemgeuza na Mwanaidi yuko mapajani mwangu. Ndiyo maana mkinisifu nanyamaza.

Tulipokuwa tunarudi, Sista Gertruda alimwomba mpiga pondo atie nanga Kilelengwani. Nilikataa. Sista Anjela akanishika bega, akasema, "Muache, Habiba. Ana deni la kufika." Tukapanda hadi nyumbani kwa Bi Zainabu. Alikuwa anapeta mpunga uani. Aliniona mimi kwanza, kisha akamwona wa kijivu, kisha wa buluu nyuma yake. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

Sista Gertruda alikuwa amejitayarishia maneno. Nilimsikia akiyarudia kwenye mtumbwi kwa Kiswahili, akimuuliza Sista Anjela kila neno. Akafungua mdomo, mama mdogo akamtangulia.

Bi Zainabu aliwatazama mmoja mmoja. Hakupandisha sauti.

"Sasa mwaja wawili," akasema. "Siku ile mngekuja hata mmoja."

Sista Anjela, aliyekuwa kinywa cha wote siku zote, hakufasiri. Hapakuwa na haja. Mama mdogo akawasogezea mkeka kivulini, akangoja mpaka wakaketi, kisha akaingia ndani kututilia wali, maana tulikuwa wageni wake.